Usimimine mawese kwenye sikio la mbwa

Mbwa anayeoga ziwani Kibirizi au Katonga akianza kutikisa kichwa na kujikuna sikio, wengi wetu hapa Kigoma hukimbilia chupa ya mawese. Tafadhali, iache jikoni. Sikio la mbwa halikunyooka kama letu: mfereji wake hushuka, kisha hukata kona kuelekea ndani ya kichwa. Maji na nta vikifika konani havitoki, na fangasi wa humo hupenda mafuta. Ukimimina mawese umewalisha. Mafuta ya taa na oili chafu ni mabaya zaidi, kwani huunguza ngozi.

Inua sikio penye mwanga, ulinuse. Ute wa kahawia wenye harufu ya chachu mara nyingi ni fangasi. Usaha wa manjano au kijani, mara nyingi ni bakteria. Takataka nyeusi kavu kama kahawa iliyosagwa huashiria utitiri, nao huhamia kwa paka na mbwa wengine wa nyumba, kwa hiyo hutibiwa wote. Mayai huendelea kuanguliwa, ndiyo maana tiba hufika wiki tatu. Likiuma sikio moja tu, ghafla, baada ya kutoka porini, shuku kupe au punje ya nyasi.

Kusafisha: chemsha lita moja ya maji na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, yaache yapoe hadi uvuguvugu, yatumie siku hiyohiyo. Jaza mfereji, kanda shina la sikio kwa nusu dakika mpaka usikie mlio wa chwachwa, kisha mwachie ajitikise. Futa kwa pamba iliyozungushiwa kidole, usiende zaidi ya kidole kinapofika. Kijiti cha pamba husukuma uchafu konani. Kila sikio na pamba yake. Dawa ya matone isubiri dakika 15, vinginevyo maji yataipunguza nguvu.

Ila mbwa akilia ukimgusa, akiinamisha kichwa upande mmoja au akiyumba, usimimine kitu chochote. Ngoma ya sikio huenda imetoboka, na dawa ya kuua bakteria kama gentamaisini ikipenya humo inaweza kumfanya kiziwi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo atazame ndani kwanza. Akikupa dawa ya siku 14, ni siku 14. Harufu huweza kuisha mapema, vijidudu bado wamo, na wakirudi huweza kuwa sugu kwa dawa. Sikio likivimba kama andazi, hiyo ni damu iliyokusanyika kutokana na kujitikisa. Usilitoboe kwa sindano nyumbani.

Akitoka ziwani, mkaushe masikio kwa kitambaa kikavu, na uyakague kila wiki. Sikio safi halihitaji kuoshwa kila siku, maana unyevu wenyewe ndio huleta fangasi. Na ugonjwa ukirudi kila baada ya miezi michache, tazama nyayo zake: mbwa anayelamba miguu na kuugua masikio mara nyingi ana mzio, na matone peke yake hayatamponya.