Laptop na seli za tochi zikikaa mwaka mzima bila kutumika

Dada, kwa kuwa unasafiri mwaka mzima na vitu vinabaki Mombasa, laptop usiiache imejaa chaji, wala usiiache tupu. Ishushe hadi asilimia 40 au 50, kisha izime kabisa; kufunga kifuniko tu hakutoshi. Betri iliyojaa ikikaa mwaka kwenye joto la nyuzi 40 inaweza kupoteza karibu theluthi ya uwezo wake, na hasara hiyo hairudi. Kabati la chumba chenye hewa ni bora mara nyingi kuliko stoo iliyo chini ya bati.

Tupu ndiyo hatari zaidi. Seli ikishuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na siku ukiichaji inaweza kupiga shoti hadi kuwaka. Zile za tochi, za lithiamu zinazochajiwa, zipime kwa multimita, yaani kipima volti: volti 3.7 hadi 3.8 zinatosha. Ncha zake zibandike utepe, zisiguse funguo wala sarafu.

Mwachie mtu wa nyumbani aziangalie kila baada ya miezi mitatu. Akikuta iliyovimba, asiichaji, wala asiitoboe.