Summer Palace ya Beijing (kasri la kale la wafalme wa China, lenye kilima na ziwa) na mama mzee: nusu siku inatosha?

Inatosha dada, ila kwa magoti ya mama usiingilie lango la kaskazini, huko ni ngazi tupu za kupanda kilima. Shukeni kituo cha Xiyuan, metro namba 4, mwingie lango la mashariki. Kisha fuateni ule ujia mrefu kando ya ziwa: mita 728, tambarare, una paa, na kati ya nguzo kuna pa kukaa. Mama atazame juu, boriti zote zimechorwa. Mbele ya ujia huo kuna merikebu ya "marumaru" ya Cixi, malkia mjane wa China ya zamani; chini mawe kweli, juu mbao zilizopakwa rangi! Kurudi pandeni boti. Baridi ikikolea ziwa huganda, boti hakuna.