Kwa nini upandikizaji wa seli shina haujawa tiba ya VVU kwa wote

Ndugu, umeuliza kwa nini tiba iliyomponya Timothy Ray Brown mjini Berlin haitolewi kwa kila mwenye VVU. Brown alipandikizwa seli shina, yaani seli changa zinazozalisha chembe za damu na za kinga, mwaka 2007 kwa sababu alikuwa na saratani ya damu, na daktari wake, Gero Hütter, alimtafuta mchangiaji aliyerithi kwa wazazi wote wawili badiliko la jeni ya CCR5, ambalo huvinyima virusi vingi mlango wa kuingilia seli. Wachangiaji wa namna hiyo ni adimu mno. Tena kinga ya mgonjwa huharibiwa kwanza kwa dawa kali, na seli ngeni zaweza kuushambulia mwili wake hadi kumuua. Nawasihi sana wanaotumia dawa za kufubaza virusi wasiziache kwa kuisubiri tiba hii.