Jibu: mama akubali kukatwa ziwa juma hili?

Dada, umeuliza kama mama yako wa Bukavu akubali kukatwa ziwa (titi) juma hili kwa sababu ya uvimbe unaodhaniwa kuwa kansa. Asitie sahihi kabla ya jibu la maabara la kile kipande kilichotolewa kwenye uvimbe. Kinapaswa kuingia mara moja katika formalini (maji ya dawa ya kuhifadhi kipande) ya asilimia 10, kikae saa 6 hadi 72. Kikikauka njiani, vipimo vya ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za kansa) na HER2 (protini ya seli hizo) haviaminiki tena. Navyo ndivyo vinaonyesha dawa: ER ikiwapo, kuna vidonge vya tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, angalau miaka 5. Uvimbe mkubwa mara nyingi huanzishiwa kemoterapi (dawa za kuua seli za kansa) ili upungue kwanza kabla ya kukata.

Tafadhali, mama aulizwe peke yake, bila wajomba chumbani: anaogopa nini zaidi? Munganga aandike jibu lake kwenye fishi.