Kuchambua jimbo la Eden-Monaro: mambo ya kuyajua kabla hujafungua jedwali

Ukianza kufuatilia uchaguzi wa shirikisho wa Australia, hutakaa muda mrefu kabla hujasikia habari za Eden-Monaro. Ni jimbo la uchaguzi lililo kona ya kusini-mashariki ya New South Wales, na jina lake limetokana na mji wa bandari wa Eden na nyanda za juu za Monaro. Limekuwepo tangu uchaguzi wa kwanza wa shirikisho, mwaka 1901. Kuanzia 1972 hadi 2013, chaguzi kuu 17 mfululizo, chama kilichochukua jimbo hili ndicho kilichounda serikali. Mwaka 2016 Mike Kelly wa chama cha Labor alishinda hapa huku Malcolm Turnbull wa chama cha Liberal akibaki waziri mkuu, na sifa hiyo ikakatika.

Wageni wengi huishika sifa hiyo na kuanza kusaka siri ya jimbo. Hakuna siri. Lilikuwa jimbo la ushindani mkali lenye mchanganyiko wa watu, na kwa miaka 40 na ushei mchanganyiko huo ulielemea upande uleule wa nchi nzima. Kazi ya kwanza ni kujua mchanganyiko huo umekaa wapi kwenye ramani, na ramani yenyewe ilikuwaje mwaka unaouchunguza.

Tuanze na mipaka, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Idadi ya wapiga kura wa jimbo isipishane na wastani wa jimbo moja katika dola lilimo (hapa New South Wales) kwa zaidi ya asilimia 10, na makadirio ya mbele yasipishane kwa zaidi ya asilimia 3.5. Mipaka huchorwa upya idadi ya viti inapobadilika, wastani unapoharibika, au miaka saba ikipita. Kwa hiyo Eden-Monaro ya 2013 si Eden-Monaro ya 2016. Kabla ya uchaguzi wa 2016, Batemans Bay ilihamishiwa jimbo la Gilmore, na Yass, Tumut na Tumbarumba zikaingizwa. Peter Hendy wa Liberal alikuwa ameshinda 2013 kwa asilimia 50.6 ya kura, baada ya kura kugawanywa kati ya wagombea wawili wa mwisho. Baada ya mchoro mpya, makadirio yalimpa kama asilimia 52.9, bila hata mtu mmoja kubadili kura. Kelly aliposhinda, mhamo wa kura (badiliko la asilimia toka uchaguzi uliotangulia) kwenda Labor ulikuwa karibu asilimia 5.8. Anayetoa hesabu kwa kulinganisha matokeo mawili ya Labor yaliyochapishwa, kama 49.4 na 52.9, bila kurekebisha mipaka, atapata kama 3.5 na kuandika kwamba jimbo halikutikisika sana.

Marekebisho hayo unaweza kuyafanya mwenyewe. Tume ya Uchaguzi ya Australia (AEC) huweka matokeo ya kila kituo kwenye tovuti yake, na kuanzia 2004 unayapata kama faili za jedwali. Pakua faili la vituo, lile la kura baada ya kugawanywa kati ya vyama viwili vikubwa. Weka alama vituo vilivyotoka, kisha ongeza vilivyoingia kutoka kwenye faili la jimbo jirani. Jumlisha. Hapo utakuwa na kura za kawaida tu. Bado kuna za posta, za mapema za tamko (zinazowekwa kwenye bahasha yenye tamko la mpiga kura), za wasiokuwepo jimboni na za muda (zinazosubiri kuhakikiwa daftarini), ambazo hazina kituo. Zigawe kwa uwiano: ikiwa vituo vilivyohama vilibeba asilimia 12 ya kura za kawaida, hamisha asilimia 12 ya hizo nyingine. Usidai usahihi wa desimali mbili. Kura za posta kwa kawaida huegemea Liberal kuliko kura za kituoni, na wazee wa pwani huzitumia kuliko vijana wa mjini, kwa hiyo mgawo wa uwiano daima una makosa kidogo.

Kosa la pili ni kusoma vibaya pengo la ushindi. Mwaka 2019 Kelly alishinda kwa asilimia 50.85. Magazeti huandika pengo la 0.85, nayo ni namba ya mhamo unaohitajika ili kiti kianguke. Tofauti halisi kati ya wagombea wawili ni mara mbili yake, yaani 1.7. Katika uchaguzi mdogo wa 4 Julai 2020, Kristy McBain wa Labor alimshinda Fiona Kotvojs wa Liberal kwa asilimia 50.39, tofauti ya kura 735. Watu 368 wangebadili upande, kiti kingekwenda. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kuibeba kichwani unaposikia mtu akisema kampeni fulani "ilifagia".

Kwa aliyezoea matokeo ya Kenya au Tanzania, ambako mbunge ni yule aliyepata kura nyingi basi, uchaguzi huo mdogo unachanganya. Kwenye chaguo la kwanza Liberal ilikuwa mbele ya Labor: asilimia 38 na ushei kwa takriban 36. Wagombea walikuwa 14. Mpiga kura hupanga wote kwa namba, 1 hadi 14, na akiacha mpangilio wake na kasoro kura huhesabiwa kuwa imeharibika. Mgombea wa mwisho huondolewa, karatasi zake zikaenda kwa chaguo linalofuata, na hivyo hivyo mpaka wabaki wawili. Kura za chama cha Greens na za wagombea wengi wadogo zilimnyanyua McBain. Pia chunguza kura za chama cha Nationals: ni mshirika wa Liberal, lakini si kila mpiga kura wake hufuata karatasi ya maelekezo ya chama, na kwenye jimbo linaloamuliwa kwa mamia ya kura, mvujo huo una uzito.

Usiku wa kuhesabu, AEC hukisia mapema wawili watakaobaki na kuwaagiza wasimamizi wagawe kura kati yao. Dhana ikikosea, hesabu hiyo husimamishwa na kuanzwa upya na jozi nyingine. Ukiona matokeo ya wawili yametoweka kwenye skrini, usikimbilie kusema kuna wizi. Vituo vidogo vya mashambani huripoti mwanzo, vya mji wa Queanbeyan na vituo vikubwa vya kura za mapema huchelewa. Kura za posta hupokelewa hadi siku 13 baada ya siku ya uchaguzi. Katika jimbo kama hili, mtu anayetangaza mshindi saa mbili usiku anabahatisha.

Sasa wapiga kura wenyewe. Queanbeyan imegusana na Canberra, mji mkuu. Wengi huvuka mpaka asubuhi kwenda kwenye ofisi za serikali kuu, na tangazo la kupunguza watumishi wa umma linasikika huko kuliko hotuba yoyote. Hiyo ndiyo ngome ya Labor. Nyanda za Monaro, Cooma na vijiji vyake, ni wafugaji wa kondoo na ng'ombe. Bega ni maziwa na jibini. Merimbula ina wastaafu wengi. Eden ilitegemea uvuvi na misitu, na kufungwa kwa kiwanda cha samaki wa kopo mwaka 1999 kuliuma. Jindabyne na Thredbo huishi kwa theluji. Moto wa kiangazi cha 2019–20 uliteketeza sehemu ya kijiji cha Cobargo, na waziri mkuu wa wakati huo, Scott Morrison wa Liberal, alipokelewa vibaya alipofika. Wachambuzi wengi walitabiri Liberal ingeadhibiwa jimbo zima. Haikuwa hivyo: katika uchaguzi mdogo wa 2020 mhamo wa jumla ulikwenda kwa Liberal kwa asilimia 0.46. Soma kituo kwa kituo, usichukue hasira ya kijiji kimoja ukaitandaza kilomita mia mbili.

Jambo dogo linalowapotosha wengi: mwaka 2022 McBain alipata asilimia 58.2, na AEC ikaandika mhamo wa 7.3. Ukitoa 50.39 utapata 7.8 na kudhani tume imekosea. Tume hulinganisha na uchaguzi mkuu uliotangulia, ule wa 2019, siyo uchaguzi mdogo.

Ukirudi nyuma zaidi, punguza imani yako kwenye asilimia. Mwaka 1901 katika New South Wales walipiga kura wanaume tu. Wanawake waliingia kwa sheria ya shirikisho ya 1902. Hadi 1917 mshindi alikuwa mwenye kura nyingi, kupanga kwa namba kukaanza baadaye. Kupiga kura kulifanywa lazima 1924, na umri ukashushwa hadi miaka 18 mwaka 1973. Majina ya vyama nayo yanateleza: mbunge wa kwanza, Austin Chapman, aliingia kama Protectionist na kufariki 1926 akiwa Nationalist, baada ya kupitia chama kingine katikati. Ukimpa rangi tatu kwenye chati, utaona "mageuzi" ambayo wapiga kura hawakuyafanya.

Na sensa itumie kwa uangalifu. Ofisi ya takwimu hutoa maelezo ya watu kwa kila jimbo la shirikisho, lakini wakazi si wapiga kura. Mradi wa umeme wa Snowy, ulioanza 1949 na kuwa na makao makuu Cooma, ulileta wafanyakazi kutoka nchi zaidi ya 30; wengi wao hawakuwa kwenye daftari mpaka walipopata uraia. Allan Fraser wa Labor alilishika jimbo kuanzia 1943, kabla ya mradi, akalipoteza 1966 na kulirudisha 1969. Kwa hiyo kabla hujawapa wahamiaji wa Snowy sifa ya kura zake, hakiki tarehe, kisha angalia vituo vya Cooma vilivyokuwepo wakati huo, siyo jumla ya jimbo.