Kilomita 5 za Halloween ukitoka shifti ya usiku, mazoezi hujafanya na umevaa dinosaria

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa Kitanzania nipo Columbus, Ohio, nahudumia wazee shifti ya usiku. Wenzangu kazini wameniandikisha mbio za Halloween za kilomita 5 Jumamosi hii saa 3 asubuhi, kila mtu anavaa vazi la kituko, mimi nimeangukiwa na lile dinosaria la kujaa upepo. Shida ni kwamba natoka kazini saa 1 asubuhi hiyohiyo, na mazoezi nilisema nitaanza Agosti lakini nimekimbia mara mbili tu. Wiki hii nikaze nifidie au ndo basi tena? Nile nini? Na ndani ya hilo dude mtu anapumua kweli? Nina miaka 34, sina ugonjwa ninaoujua.

JIBU: Marahaba dada, ila udaktari usinipe, mimi ni mtu wa fiziotherapia na jioni nafundisha watu kukimbia. Kilomita 5 ni maili 3 na kachenji, hata ukitembea tu kwa mwendo wa mtu anayewahi basi unazimaliza ndani ya saa moja, na kwa kazi yako ya kuzunguka vyumba vya wazee usiku kucha kutembea ushazoea. Kwahiyo umbali hauniogopeshi hata kidogo. Kuna kitu kingine kwenye hii Jumamosi yako kinaniogopesha na hujakiuliza, nitakifikia.

Kufidia mazoezi sahau kabisa. Zoezi gumu la leo mwili unakuja kuonyesha faida yake baada ya siku kumi mpaka wiki mbili hivi, sasa ukijikamua Jumatano faida haifiki Jumamosi, kinachofika ni maumivu, maana misuli isiyozoea inauma zaidi siku ya pili na ya tatu. Kesho toka dakika 20, kimbia kidogo tembea kidogo, rudi nyumbani ukiwa bado na hamu, basi. Alhamisi ni siku ya kujaribu vazi, ntaeleza.

Uchovu sasa. Watu wanadhani ukikesha nguvu za miguu zinakwisha, lakini kwa mbio fupi kama hizi moyo na misuli vinapiga kazi karibu kama kawaida, kinachoharibika ni kichwa, mwendo uleule unauona mgumu, kimlima kidogo unakiona Kilimanjaro, na kuacha unaacha mapema. Ndo maana nakwambia siku hiyo usiende kwa kujisikia kwasababu utajisikia vibaya tangu paking, nenda kwa saa ya mkononi: dakika moja kimbia, dakika moja tembea, kuanzia dakika ya kwanza kabisa na sio kusubiri mpaka upumzi ukate. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ndo aliyeueneza sana mtindo huu na watu wanamaliza nao hata maratoni. Kipimo cha kasi ni mdomo tu, kama unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima uko sawa, kama maneno yanatoka moja moja punguza. Ila kifua kubana, kizunguzungu, moyo kuruka mapigo, hapo hatuongelei uchovu tena, unasimama na unamwita mtu wa huduma ya kwanza. Na ukiamka na homa au unatapika usiende, fulana watakuletea. Halafu hilo la "ugonjwa ninaoujua", kama kwenu kuna selimundu au wewe una pumu ya kubanwa na baridi, ongea na daktari kabla, hilo usilipitie juujuu.

Ijumaa mchana lala. Namaanisha lala kweli, mapazia yamefungwa, simu chumba kingine, saa 6 mchana mpaka saa 12 jioni, wanaokupigia kutoka Dar watapiga Jumapili. Ukitoka shifti una masaa mawili mpaka mbio zianze, kunywa kikombe kimoja cha kahawa, hapohapo laza kiti cha gari la mwenzako, weka alamu dakika 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kuingia kichwani kwahiyo haikuharibii hako kausingizi na unaamka inaanza kazi. Usilale lisaa lizima, utaamka umelewa usingizi. Na usiongeze kikombe cha pili, baada ya masaa 5 hivi nusu ya ile kafeini bado iko kwenye damu na mchana wa Jumamosi unahitaji kitanda.

Chakula usikipe kichwa, ulichonacho mwilini kinatosha kilomita 5 na kubaki, hizo jeli za wakimbiaji waachie wenye maratoni. Saa 11 au 12 alfajiri kula kitu ulichozoea, ndizi, mkate, chapati moja na chai. Maharage hapana.

Haya, dinosaria. Kupumua utapumua, kile kifeni cha kiunoni kinavuta hewa ya nje muda wote. Tatizo ni joto na macho. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka, na ile nailoni haikaushi kitu, jasho linabaki humo humo, kwahiyo ndani vaa fulana nyepesi na taits tu, hata kama asubuhi za mwisho wa Oktoba hapo Ohio zinacheza kwenye nyuzi 40 na kitu za Farenhaiti na meno yanagongana mkisubiri kuanza. Ukivaa sweta, maili ya kwanza haijaisha utatamani kulichana. Kale kadirisha ka plastiki kwenye shingo la mnyama kanaingia ukungu ukianza kuhema na miguu yako huioni kabisa, halafu chini ni majani yaliyopukutika, yamelowa, yanateleza. Ndo maana nataka Alhamisi ulivae, ulijaze, ukimbie dakika kumi kwenye paking ya apatimenti zenu, watoto wa jirani watafurahi, na wewe utajua zipu inachubua wapi na lastiki za vifundoni zinashuka au hazishuki. Zikishuka zibane na lastiki nyingine juu ya soksi, maana ukikanyaga hilo suruali unaenda chini na mkia juu. Vaselini paka kwapani, katikati ya mapaja na shingoni, paka nyingi, usione aibu. Betri weka mpya na za akiba uwe nazo, feni ikizima vazi linakuporomokea mwilini na hapo ndo utaona joto. Viatu vyako vya siku zote. Anza nyuma kabisa, mkia unapiga watu na kuna watoto wengi kwenye mbio za hivi. Ukiona joto limezidi fungua zipu, toa kichwa, tembea na dinosaria kiunoni, hakuna atakayekufukuza. Kuna bwana Lloyd Scott mwaka 2002 alimaliza London Marathon na suti ya zamani ya wapiga mbizi yenye zaidi ya kilo 50, zikamtoka siku 5 na zaidi, na walimshangilia. Muda wako hauulizwi na mtu. Ukimaliza vua fulana iliyolowa haraka uvae kavu na jaketi, jasho na ule upepo sio marafiki.

Sasa lile ambalo hujauliza: nani anaendesha kurudi? Piga hesabu na mimi, ukiamka Ijumaa saa 12 jioni, ikifika saa 5 asubuhi Jumamosi uko macho masaa 17, na kwa uwezo wa kuendesha hiyo inalinganishwa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Usipolala kabisa Ijumaa ukafikisha masaa 24, inakuwa kama 0.10, na sheria ya Ohio inakukamata kwenye 0.08. Hapo bado hujaweka kilomita 5, mwili umepoa, hita ya gari imewashwa, kahawa imeanza kuisha. Kausingizi ka dakika 20 hakafuti hilo deni.

Kwahiyo gari lako liache nyumbani tangu Ijumaa jioni. Waliokuandikisha ndio wakubebe, kwenda na kurudi, na awe yule ambaye hakuwa shifti usiku huo, waambie leo na sio Jumamosi wakati wote mnatetemeka na medali shingoni. Wakikosekana lipa Uber. Na kama vyote viwili vimeshindikana basi hapo nakwambia usiende, toka kazini nenda kalale, hilo dinosaria mpe mwenzako aliyelala.