Ukiwaona malaika kwenye picha za Mughal, usikimbilie kusema "wameiga"

Mara ya kwanza kuiona picha ya Jahangir, mfalme wa ukoo wa Mughal uliotawala India, duara kubwa la nuru likiwa nyuma ya kichwa chake na malaika watoto wakiruka juu, nilisema palepale: hii wameichukua kwa Wazungu. Nimekulia nyumba yenye picha za watakatifu ukutani, na wale malaika niliwatambua kama jirani zangu. Nikaona nimeshaielewa picha, nikaiacha. Ilinichukua miaka kuirudia, na bado naumia kwa muda niliopoteza.

Ninachomshauri anayeanza kuzipenda picha hizi ni kuitafuta kwanza ile ya Ulaya iliyotangulia. Ziweke mbili bega kwa bega, kisha uulize mchoraji ameacha nini. Mimi nilijifunzia kwenye kazi ya Abu'l Hasan, mchoraji wa Mughal. Mwaka 1600, akiwa katika mwaka wake wa 13 tu, alimchora Mtakatifu Yohana kutoka kwenye picha ya chapa ya Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1511, inayomwonyesha Yesu msalabani. Mchoro huo uko makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Msalaba ameuacha. Maria naye hayumo. Amebaki Yohana peke yake, mikono ameifumbata, joho limemwangukia kwa mikunjo mizito. Kijana yule aliona kwamba majonzi yote ya picha ile yamo katika mwili wa mtu mmoja, akamchukua huyo.

Picha za chapa kama hiyo zilifika India kwa njia inayojulikana. Mwaka 1580 mapadri Wajesuiti, wa shirika la Kikatoliki, kutoka Goa iliyokuwa ya Wareno, waliingia Fatehpur Sikri, mji mkuu wa Akbar, baba yake Jahangir, kwa mwaliko wake, wakamkabidhi Biblia ya lugha kadhaa iliyochapwa Antwerp. Akbar akawapa wachoraji wake kazi ya kunakili picha za Wazungu. Baadaye padri Jerome Xavier aliandika maisha ya Yesu kwa Kiajemi, Mirat al-Quds, akayamaliza mwaka 1602. Wala msidhani watu wa ikulu ile walikuwa wakikutana na wageni: Nabii Isa na Bibi Maryam walikwisha kuwajua kwenye Kurani.

Kisha tazama nani amewekwa wapi. Rudi kwa Jahangir wangu wa mwanzo, aliyechorwa na mchoraji wake Bichitr kati ya mwaka 1615 na 1618 hivi. Ameketi juu ya saa ya mchanga, na mchanga karibu wote umeshateremka. Malaika wawili chini wanaiandikia dua: mfalme aishi miaka elfu. Mfalme anampa kitabu shehe mwenye ndevu nyeupe. Sultani wa Kituruki anasubiri, na nyuma yake mfalme James wa Uingereza, sura yake ikiwa imetolewa kwenye picha iliyochorwa kwao. Malaika, saa na James, vyote vya Ulaya, vimewekwa kumtumikia mfalme anayemtanguliza mcha Mungu mbele ya wenye mataji.

Picha hii iko Washington, na makumbusho yake yameiweka mtandaoni kwa ukubwa wa kutosha. Ifungue kwenye simu, uikuze kona ya chini kushoto. Chini ya James utamkuta Bichitr mwenyewe, ameshika picha ndogo, na ndani ya picha hiyo amejichora tena akiinama.